Nyumbani, Nani Anaongoza?



Katika mafundisho ya ndoa hapa kigangoni kuna swali lisilokosa kuulizwa: "Katekista, nyumbani ni nani anayepaswa kuongoza?" Mabwana huuliza wakitabasamu, maana wanadhani jibu wanalo tayari. Mabibi hunyamaza wakangoja. Siku hizi sijibu haraka. Kwanza nawauliza neno lenyewe maana yake ni nini.

Sikilizeni jinsi tunavyolitumia. Redioni mtangazaji wa mpira husema timu fulani inaongoza mabao mawili kwa moja. Shuleni tunasema mtoto wa fulani ameongoza darasa. Hapo kuongoza ni kuwashinda wengine na kuwaacha nyuma. Mume akiileta maana hiyo nyumbani, mkewe anageuka kuwa timu pinzani, na kila jambo, hata chumvi ya mboga, linakuwa bao la kufunga au kufungwa. Nadhani nyumba nyingi zimeumia kwa sababu ya maana hii moja.

Lakini neno hili lina ndugu zake. Kama poza linavyotoka katika poa, ndivyo ongoza linavyohusiana na ongoa. Kuongoa ni kunyosha kilichopotoka, kumrudisha mtu katika njia njema. Ndipo tukapata kuongoka na wongofu, maneno tunayoyasikia kila tarehe 25 Januari tunapoadhimisha kuongoka kwa Mtume Paulo. Basi anayeongoza ni yule anayemsaidia mwenziwe kushika njia iliyo sawa. Kumwongoza kipofu avuke barabara si kumshinda mbio! Unapunguza mwendo wako uwe kama wake, unamwambia hapa kuna shimo, pale kuna jiwe. Naye asipokuamini, akauchomoa mkono wake, uongozi wako umekwisha papo hapo.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilikuwa na mtu aliyeitwa kirangozi. Yeye alitembea mbele, lakini mali haikuwa yake. Kazi yake ilikuwa kuijua njia. Penye njia panda aliweka matawi juu ya njia isiyofaa ili walio nyuma wasipotee. Nyumbani vilevile, anayeijua njia ya jambo ndiye atangulie katika jambo hilo. Kama mke ni hodari wa hesabu, na ashike daftari la pesa. Kama mume ndiye anayejua kumtuliza kijana aliyekasirika, mama ampe nafasi.

(Wengine hunitajia barua kwa Waefeso sura ya 5, wakianzia aya ya 22. Nawaomba warudi nyuma aya moja tu, wasome Mtume anawaagiza watu wote nini. Kisha waendelee hadi ya 25, waone mume anadaiwa kiasi gani.)

Na rozari ya jioni je? Anayeongoza husema nusu ya sala, na nusu nyingine ni ya wenzake. Wakinyamaza, hata mwenye sauti kubwa amekwama. Tena katika nyumba nyingi makumi matano hugawanywa: baba, mama, watoto, mpaka yule mdogo anayerukaruka hesabu. Sijasikia mtu akisema kwamba baba amenyang'anywa cheo.

Haya nayasema kwa urahisi, lakini mimi mwenyewe nilichelewa kuyaelewa. Mwaka wa 2017 mtoto wetu wa kwanza aliitwa kidato cha kwanza. Karo ilinikosesha usingizi. Asubuhi moja nilimfungua ng'ombe wetu wa maziwa, nikampeleka mnadani, nikarudi na pesa mfukoni. Nilijiona kiongozi kweli. Mke wangu alikuwa ametoka kuchota maji. Alilitazama zizi, akautua mtungi polepole, akasema, "Baba watoto, si ungeniuliza. Zamu yangu ya chama ni Jumamosi hii."

Hakugombana nami. Heri angegombana! Pesa za chama zingetosha karo ya muhula ule, na maziwa ndiyo yaliyokuwa yakitununulia sukari, sabuni na vitabu vya wadogo. Kwa muda mrefu tulikunywa chai ya rangi, na kila kikombe kilinikumbusha. Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba alianza kunificha mambo yake madogo madogo, kwa kuwa nami nilikuwa nimemficha jambo kubwa. Ilinibidi nimwombe radhi, si mara moja. Tukapatana kwamba kitu chochote cha kuuzwa au kukopwa tukijadili wote wawili, usiku, watoto wakisha lala. Mmoja akikataa, tunalala nalo mpaka kesho. Mara nyingi kesho yake mimi ndiye niliyebadili mawazo.

Liko umbo jingine la neno letu: kuongozana. Tukisema bwana na bibi fulani waliongozana hadi sokoni, maana yake walikwenda pamoja, na hakuna anayeuliza nani alikuwa mbele.

Mwaka wa 2019 tulienda kununua mtamba. Mke wangu ndiye aliyekagua meno, miguu na chuchu, akakataa wawili niliowapenda mimi kwa rangi zao. Wa tatu akamkubali. Tukaongozana hadi nyumbani, yeye akitafuta njia isiyo na tope, mimi nimeshika kamba.