Utitiri wa Masikio kwa Paka wa Nyumbani

Utitiri wa masikio, kwa jina la kitaalamu Otodectes cynotis, ni vijidudu vya jamii ya kupe visivyofika nusu milimita. Huishi kwenye tundu la sikio la paka na kula mabaki ya ngozi na nta. Yai huchukua wiki tatu hivi kukua hadi kuwa utitiri mpevu, na utitiri mpevu huishi takribani miezi miwili. Huenea kwa kugusana, kwa hiyo watoto wa paka huupata mapema kutoka kwa mama yao.

Paka aliyeambukizwa hutikisa kichwa na kujikuna nyuma ya sikio hadi manyoya yananyonyoka. Ndani ya sikio huonekana uchafu mweusi, mkavu, unaofanana na machicha ya kahawa. Ukipakwa kwenye karatasi nyeusi na kuangaliwa kwa kioo cha kukuzia, vidoa vyeupe vinavyotembea ndio utitiri wenyewe. Kujikuna sana kunaweza kupasua mishipa midogo ya damu, sikio likavimba. Hata hivyo, si kila sikio chafu lina utitiri: fangasi na bakteria nao huleta dalili za namna hii, na dawa zake ni tofauti.

Ndiyo maana daktari wa mifugo huchungulia sikio kwanza, kuona pia kama ngoma ya sikio ni nzima, kwani baadhi ya dawa za matone zikipita kwenye ngoma iliyotoboka humwachia paka uziwi. Baada ya hapo uchafu husafishwa na dawa hutolewa. Selamektini, kwa mfano, hudondoshwa kwenye ngozi ya shingo, nyuma, mahali ambapo ulimi wa paka haufiki. Dawa nyingi za matone haziui mayai. Hutumiwa kwa muda wote aliouagiza daktari, hata kama paka ameacha kujikuna, la sivyo mayai yaliyobaki huanguliwa na ugonjwa hurudi. Paka na mbwa wote wa nyumba hiyo hutibiwa pamoja, na matandiko yao hufuliwa kwa maji ya moto.

Hatari kubwa iko kwenye dawa za kubahatisha. Permethrini, iliyomo katika dawa nyingi za kupe na viroboto za mbwa na mifugo, ni sumu kwa paka: humtetemesha, humtia degedege na huweza kumuua. Sindano ya ivermektini ya ng'ombe ni kali mno kwa mwili mdogo hivyo. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Mafuta ya nazi hulainisha uchafu tu, hayatoshi kuwa tiba. Vijiti vya pamba navyo husukuma uchafu ndani zaidi.

Kwa binadamu utitiri huu hauweki makazi, ingawa mara chache huacha vipele vya kuwasha vinavyopona vyenyewe. Paka anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayeyumba au anayetokwa usaha sikioni apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.