Kauli ya Kutendea katika Vitenzi vya Safari

7.1 Utangulizi

Katika sura iliyotangulia tulichunguza kauli ya kutendwa, tukaona jinsi kitenzi kinavyoweza kupungukiwa na mshiriki mmoja. Sura hii inachunguza jambo lililo kinyume chake: namna kitenzi kinavyoongezewa mshiriki kwa kupachikwa kiambishi cha kauli ya kutendea.

Tumeteua vitenzi vya safari kwa sababu mbili. Kwanza, ndivyo vinavyoonyesha vizuri zaidi kuwa kiambishi hiki hakina tafsiri moja. Pili, baadhi ya walimu watakaotumia kitabu hiki watafundisha wanafunzi ambao safari kwao ilikuwa ya kulazimika. Kambi ya Dzaleka, iliyoko wilaya ya Dowa nchini Malawi, ni mfano mmoja. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, nayo sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Mahali kama hapo, kosa la silabi moja katika kitenzi cha safari laweza kugeuza maelezo ya maisha ya mtu.

Mwishoni mwa sura hii mwalimu mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kanuni za umbo la kauli ya kutendea;
(b) kubainisha mshiriki anayeongezwa na kiambishi hicho;
(c) kutofautisha jozi za vitenzi vinavyotatanisha, hasa kimbia na kimbilia.

7.2 Kifungu cha kusoma

Kifungu kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya somo hili. Unapokisoma, orodhesha vitenzi vyote vilivyo katika kauli ya kutendea.

Marafiki wanne wa Dzaleka walipata kibali cha kwenda Lilongwe kutembea kwa siku moja. Wawili kati yao huendesha kabaza, jina ambalo Malawi hulitumia kwa bodaboda, lakini siku hiyo hawakupakia abiria wa kulipa. Kila mmoja alimpakia rafiki yake. Usiku uliotangulia waendeshaji waliwaambia wenzao, “Msihangaike kuja kwetu. Tutawapitia alfajiri.”

Walitokea upande wa soko, wakaifuata njia hadi barabara kuu ya M1, kisha wakaelekea kusini. Walipitia Lumbadzi kununua mafuta, na hapo wakanywea chai kando ya barabara. Kutoka hapo hawakusimama tena mpaka mjini. Walitazama mto Lilongwe, ambao ndio ulioupa mji jina, wakazunguka soko, kisha wakapanda hadi karibu na majengo ya wizara. Mmoja wao aliwakumbusha wenzake kwamba makao makuu ya serikali yalihamia Lilongwe mwaka 1975 kutoka Zomba.

Mchana mvua iliwanyeshea, wakakimbilia barazani mwa duka. Mwenye duka akawauliza, “Mnatokea wapi?” Wa kwanza akajibu, “Dzaleka.” Wa pili akajibu, “Uvira.” Wote wawili walisema kweli. Saa tisa walianza kurudi, kwa maana kibali chao kiliishia jioni ile.

7.3 Umbo

Kauli ya kutendea huundwa kwa kupachika kiambishi baada ya mzizi wa kitenzi. Sura ya kiambishi hicho hutegemea irabu ya mwisho ya mzizi, kwa kanuni ya tangamano la irabu.

(i) Irabu ya mzizi ikiwa a, i au u, kiambishi ni -i-: hama – hamia, pita – pitia, fika – fikia, vuka – vukia.

(ii) Irabu ya mzizi ikiwa e au o, kiambishi ni -e-: enda – endea, toka – tokea, toroka – torokea.

(iii) Kitenzi kikiishia kwa irabu mbili zinazofuatana, kiambishi hujitokeza na konsonanti l: kimbia – kimbilia, ingia – ingilia, tembea – tembelea, kaa – kalia. Wanaisimu hueleza kuwa l hiyo ni masalia ya sauti ya kale iliyopotea katika kitenzi cha msingi.

(iv) Vitenzi vya asili ya kigeni vinavyoishia kwa i huongezewa a tu: rudi – rudia, safiri – safiria.

7.4 Mshiriki anayeongezwa

Vitabu vingi hueleza kuwa kauli ya kutendea humaanisha kufanya jambo “kwa ajili ya” mtu. Maelezo hayo ni kweli kwa sehemu tu. Pikipiki ina kiti cha dereva na nafasi ya abiria nyuma yake. Kitenzi cha msingi kama kimbia kinaweza kwenda na dereva peke yake, yaani mtenda. Kiambishi cha kutendea huweka kiti cha pili. Anayekaa kwenye kiti hicho haamuliwi na kiambishi peke yake, bali huamuliwa pia na maana ya mzizi na muktadha. Tumpate abiria huyo katika mifano:

Mtendewa: Alimwendeshea rafiki yake pikipiki hadi Lumbadzi.
Mahali pa kutendea: Walinywea chai kando ya barabara.
Mwishilio: Walikimbilia barazani.
Chanzo: Walitokea upande wa soko.
Kifaa: Hana kofia ya kuendeshea pikipiki.
Kusudi: Aliirudia kofia yake aliyoisahau dukani.

Mfano wa kifaa unastahili kuongezewa neno. Tunasema hati ya kusafiria, wala hatusemi *hati ya kusafiri, kwa sababu hati hiyo ni nyenzo ya safari. Ibara ya 28 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inahusu hati za namna hiyo. Aliyenyimwa hati ya kusafiria anaweza kuwa na miguu, pikipiki na mafuta, ila bado amekosa cha kusafiria.

Linganisha pia mfano wa mwishilio na ule wa chanzo. Kiambishi ni kilekile, lakini katika kimbilia kinaelekeza mbele, na katika tokea kinaelekeza nyuma. Kwa hiyo mwalimu asiwafundishe wanafunzi kwamba -i- au -e- humaanisha “kuelekea”. Awafundishe kutafuta ni nani, au ni nini, kimekalia kiti cha pili.

7.5 Jozi zinazotatanisha

(a) Pita na pitia. Tulipita Lumbadzi humaanisha kuwa tuliuacha mji huo nyuma yetu. Tulipitia Lumbadzi humaanisha kuwa tuliufanya sehemu ya njia yetu, pengine tukasimama. Yambwa ikiwa mtu, pitia humaanisha kumfuata alipo ili mwende pamoja: Tutawapitia alfajiri.

(b) Vuka na vukia. Yambwa ya vuka huwa kile kinachovukwa. Yambwa ya vukia huwa mahali pa kuvukia. Marafiki wanaozuru Ulaya kwa pikipiki huweza kutoka Munich, wakapitia Innsbruck, wakavukia Brenner na kuteremkia Verona. Tangu 1995 mpango wa Schengen ulipoanza kutekelezwa, ukaguzi wa kawaida mipakani umeondolewa hatua kwa hatua katika nchi nyingi za bara hilo, na kwa msafiri wa mapumziko kitenzi vuka kimekuwa chepesi. Msafiri aliyetoka Burundi au Kongo na kupitia Tanzania kwa barabara huweza kusema: Tuliuvuka mto Songwe; tulivukia Kasumulu. Sarufi ya sentensi hizo ni moja na ile ya watalii wa Brenner, ingawa uzito wa kitenzi si mmoja.

(c) Fika na fikia. Tulifika Dzaleka hueleza kuwasili. Tulifikia Dzaleka huongeza kuwa hapo ndipo tulipopokelewa na kulala. Tofauti hii huonekana wakati wa Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa kambini humo mwaka 2014. Wageni wengi hufika asubuhi na kuondoka jioni. Wengine hufikia katika nyumba za wakimbizi. Wa kundi la pili ni wageni, na mkimbizi ndiye mwenyeji wao.

(d) Toka na tokea. Toka hutaja kuondoka mahali. Tokea hutaja mahali palipoanzia mwendo unaozungumziwa. Kwa hiyo swali Mnatokea wapi? laweza kupata majibu mawili ya kweli, kama tulivyoona katika kifungu: safari ya asubuhi ile ilianzia Dzaleka, na safari ya maisha ilianzia Uvira. Anayeuliza swali hilo ofisini au darasani abainishe anauliza kuhusu safari ipi.

(e) Hama na hamia. Mahali pa kuachwa huandamana na hama. Mahali pa kupokea huandamana na hamia. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Familia iliyotii amri hiyo ikiwa Lilongwe ilihama Lilongwe. Ukiandika kuwa ilihamia Lilongwe, umeipeleka ilikoondolewa.

(f) Kimbia na kimbilia. Hii ndiyo jozi nzito kuliko zote. Chunguza sentensi hizi:

1. Tulikimbia Malawi.
2. Tulikimbilia Malawi.

Sentensi ya kwanza inaitaja Malawi kuwa nchi ya hatari iliyoachwa. Ya pili inaitaja kuwa nchi ya usalama iliyotafutwa. Kinachozitenganisha ni silabi moja, li. Jaribio la kauli ya kutendwa huthibitisha jambo hilo: nchi iliyokimbiwa ni ile watu waliyoitoroka, na nchi iliyokimbiliwa ni ile iliyowapokea. Mtu akiulizwa sababu za kuomba hifadhi, naye mkalimani au karani akaiacha silabi hiyo, maandishi yataonyesha kuwa mwombaji anaiogopa nchi ileile anayoiomba imlinde. Atakayeyasoma baadaye hatasikia sauti ya mwombaji wala hatamwona uso. Atakuwa na kitenzi tu.

Si kila anayeacha kauli ya kutendea amekosea. Msemaji akisema Tulikimbia mpaka Malawi au Tulikimbia tukaenda Malawi, ameutaja mwishilio kwa njia nyingine iliyo sahihi. Kosa hutokea pale kiambishi kinapokosekana na neno la kukisaidia likakosekana pia.

Nomino za mzizi huu nazo zafaa kulinganishwa. Mkimbizi humtaja mtu kwa kule kukimbia kwake, bila kusema alikotoka wala alikoelekea. Kimbilio hutaja mahali pa kukimbilia. Mwanafunzi anayeitwa mkimbizi kila siku afundishwe nomino zote mbili kwa pamoja.

7.6 Kiambishi hiki katika lugha jirani

Mwalimu wa darasa lenye lugha nyingi asidhani kuwa somo hili ni geni kwa wanafunzi wake. Kichewa kina kuthawa, yaani kukimbia hatari, na kuthawira, kukimbilia. Kirundi na Kinyarwanda vina guhunga na guhungira kwa maana hizohizo. Katika lugha hizi zote kiambishi hukaa mahali palepale, baada ya mzizi. Kichewa pia hubadili -ir- kuwa -er- kwa kufuata irabu ya mzizi, kama Kiswahili kinavyobadili -i- kuwa -e-. Kwa hiyo njia bora ni kumwuliza mwanafunzi jozi hiyo katika lugha ya nyumbani kwake kwanza, ndipo tumwonyeshe ya Kiswahili. Atagundua kuwa kanuni anayo tayari, na kinachobaki ni kujifunza sauti zake.

7.7 Mapendekezo kwa mwalimu

Somo lianze na safari fupi ambayo wanafunzi wanaweza kuisimulia bila maumivu: kwenda sokoni, kupanda kabaza, kumpitia rafiki. Tusimlazimishe mwanafunzi kusimulia mbele ya darasa jinsi alivyoikimbia nchi yake ili tu tupate mfano wa kitenzi. Akijitolea mwenyewe, tumsikilize hadi mwisho kabla ya kusahihisha sarufi. Tukitilia shaka alichokusudia, tumwulize: “Mliikimbia au mliikimbilia?” Swali hilo lenyewe ni somo la kauli ya kutendea.

7.8 Muhtasari

Kauli ya kutendea huongeza mshiriki mmoja katika kitenzi. Umbo lake hufuata irabu ya mzizi. Mshiriki huyo anaweza kuwa mtendewa, mahali, mwishilio, chanzo, kifaa au kusudi, na mzizi pamoja na muktadha ndivyo vinavyoamua. Katika vitenzi vya safari, kuachwa kwa kiambishi kunaweza kugeuza mwelekeo wa tendo zima.

7.9 Maswali

1. Taja vitenzi vya kauli ya kutendea vilivyo katika kifungu cha 7.2, na ueleze mshiriki anayeongezwa katika kila kimoja.
2. Unda kauli ya kutendea ya vitenzi hivi na utaje kanuni iliyotumika: ruka, potea, ondoka, panda, wasili.
3. Eleza tofauti ya maana: (a) Walikimbia kambi. (b) Walikimbia kambini. (c) Walikimbilia kambini. Ni sentensi ipi yenye utata, na kwa nini?
4. Sentensi Tulirudia njia ileile na Tulirudia zoezi lilelile zina kitenzi kimoja. Je, maana ni moja? Toa hoja.
5. Karani ameandika: “Familia hii ilikimbia Tanzania mwaka 1996, kisha ikahama Malawi.” Familia yenyewe ilieleza kuwa ilitoka Kongo, ikapata hifadhi ya kwanza Tanzania, na sasa inaishi Malawi. Sahihisha sentensi hiyo, kisha ueleze kila badiliko ulilofanya.
6. Tunga kifungu cha maneno 120 kuhusu safari ya marafiki kwa pikipiki katika eneo unaloishi. Tumia pitia, fikia, tokea, vukia na kimbilia, kila kimoja mara moja.