Siku ya Kwanza London: Mafunzo Niliyopata, Mimi wa Ibadakuli

Nilipopata safari ya London, ndugu zangu wa Ibadakuli walinipa orodha ndefu ya mahali pa kupigia picha. Siku ya kwanza ilinifundisha mambo ambayo hayakuwamo, na ninayaandika kwa ajili ya atakayefuata kutoka Shinyanga.

1. Usikimbizane na saa. Katikati ya kiangazi jua la London huzama baada ya saa tatu usiku. Vaa viatu ulivyovizoea utembee. Bunge, Westminster Abbey na kasri ya Buckingham viko karibu karibu.

2. Basi halipokei fedha taslimu, na hali ni hiyo tangu 2014. Unagusisha kadi ya benki kwenye mashine mlangoni, unapita.

3. Ndani ya Westminster Abbey, tazama sakafuni. Watu wanainua macho kwenye dari, na ni zuri kweli, lakini kaburi la David Livingstone liko chini ya miguu yao. Alifariki 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakauzika moyo wake hukohuko, wakaukausha mwili, wakaubeba hadi pwani ya Bagamoyo. Njiani walipita Tabora, kwa jirani zetu Wanyamwezi. Jiwe la kaburi linawataja wabebaji kwa uaminifu wao tu, majina hayamo. Nilisimama pale nikayataja kwa sauti ya chini, Chuma na Susi, na ninamwomba kila Mtanzania atakayefika afanye vivyo hivyo.

4. Almasi ya Mwadui usiitafute kwenye Mnara wa London. Huko vito vya taji vinalindwa, na watazamaji husimama juu ya mkanda unaotembea, kwa hiyo kabla hujashiba kutazama umeshapitishwa. Rudi nyuma upande tena. Juu ya fimbo ya kifalme kuna kipande cha almasi ya Cullinan, karati 530, kutoka jiwe lililopatikana Afrika Kusini mwaka 1905. Ni kikubwa na kinang'aa, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye jiwe letu. Lilichimbwa Mwadui, kwetu Shinyanga, mwaka 1947, rangi ya waridi, karati 54.5, yaani halifiki hata gramu 11. John Williamson, Mkanada mwenye mgodi, alimpa Binti Mfalme Elizabeth kuwa zawadi ya harusi. Lilikatwa hapohapo London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Bruchi hiyo ni mali binafsi ya familia ya kifalme, haimo kati ya vito vya taji, na umma huiona inapotolewa kwenye maonyesho. Watoto wa Maganzo, jirani na mgodi huo, ambao wazazi wao bado wanachekecha mchanga wakitafuta punje, wanastahili kufundishwa habari hii darasani, pamoja na picha yake.

5. British Museum na makumbusho ya viumbe na mawe, Natural History Museum, hayana kiingilio. Yaache kwa kesho. Fedha za siku ya kwanza zilipie Abbey na Mnara, na tiketi ukate mapema mtandaoni.