Mdogo wangu, fuata mfuko wa udongo kwanza

Mdogo wangu wa Babati, ujumbe wako nimeusoma. Umemaliza diploma ya kompyuta, unataka kuwatengenezea watafiti wa kilimo programu ya kuratibu kazi zao, na nembo tayari unayo. Haya, nembo iweke kabatini kwanza.

Kazi unayo mlangoni. Mradi wa Africa RISING, chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, ulianza 2012 na ulifanya majaribio na wakulima wa vijiji vya wilaya yenu, kama Sabilo na Seloto. Mahindi na mbaazi huko si habari ngeni.

Tafuta mtafiti anayechukua udongo, uongozane naye. Atachimba sentimita 20, achanganye udongo wa sehemu kadhaa za shamba kwenye ndoo, atie kiasi kwenye mfuko na kuandika namba kwa maka peni. Kikaratasi chenye namba ileile kitaingia ndani, maana ya nje hufutika. Baadaye udongo huanikwa kivulini, huchekechwa kwa chekeche la milimita 2, kisha maabara huupa namba yake. Udongo mmoja, namba mbili! Hapo ndipo data hupotelea, na hapo ndipo unapohitajika. Watengeneza programu wengi hukimbilia chati za rangi. Bosi hufurahi, mbeba mfuko habaki na kitu.

Mtandao shambani usiutegemee. Wenzako wa kituo cha utafiti cha SACIDS, pale chuo kikuu cha SUA Morogoro, walitengeneza programu ya AfyaData kwa kutumia msingi wa ODK, programu ya kukusanyia data: fomu hujazwa kwenye simu bila intaneti, hutumwa baadaye. ODK ni ya bure, ya nini kuanza na sifuri?

Tena programu yako isijifanye inajua kuliko mtafiti. Excel iligeuza majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT2 kuwa tarehe, hadi 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni ikatangaza kwamba imeyabadili majina yenyewe. Excel wanaivumilia kwa kuwa wameizoea. Wewe hawatakuvumilia.

Kuhusu hela, ingia kwenye bajeti andiko la mradi likiwa bado linaandikwa. Fedha zikishatoka, utaambiwa hakuna fungu.

Jumatatu nenda idara ya kilimo ya halmashauri, uliza nani anachukua sampuli msimu huu, umwombe umbebee ndoo.