Sukari Haishuki kwa Kugombezwa

Barua za safari hii nimezichagua mwenyewe. Zinazouliza habari za dona na matunda nimeziweka kando. Wauguzi wa kliniki wanayaeleza hayo kila wiki. Nimechukua za watu wazima ambao dawa wanazo, ila moyo umechoka.

Daktari, nina miaka 58, na huu ni mwaka wa tisa wa sukari. Vidonge nameza, wali nimeacha, lakini kila nikienda kliniki imepanda. Muuguzi alinigombeza mbele ya foleni, akasema wakaidi kama mimi ndio wanaokatwa miguu. Nyumbani wanangu wananichunga kila ninapokula. Sasa tarehe ikikaribia nashinda njaa siku mbili, na mwezi uliopita sikwenda kabisa. Nakosea wapi?

Hukukosa kitu kwa sukari kupanda, mama. Amekosa aliyekugombeza. Nitalieleza hili kwa urefu, kwa sababu kati ya dhana zote potofu kuhusu kisukari, hii ya kwamba mwenye sukari isiyoshuka ni mkaidi ndiyo inayonikasirisha kuliko zote, na inasemwa hata na sisi wenye makoti meupe.

Sukari ya kwenye damu haitoki kwenye sahani peke yake. Ini lina akiba yake. Alfajiri, kabla hujaamka, mwili hutoa homoni za kukuandaa kwa siku, na ini huachia sukari. Ndiyo maana mtu hulala na 7 akaamka na 11 bila kutia kitu kinywani. Hofu nayo hufanya hivyo hivyo. Adrenalini na kotisoli huliamuru ini litoe sukari, kisha huidhoofisha insulini. Mama aliyekaa saa tatu kwenye benchi akisubiri kusutwa anaweza kukutwa na sukari iliyopandishwa na kusubiri kwenyewe. Ongeza fizi zenye usaha, mkojo unaochoma, usiku usio na usingizi, vidonge vya steroidi alivyopewa kwa ajili ya pumu. Kwa wanaojidunga, nauliza insulini inakaa wapi. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinataka nyuzi 2 hadi 8. Kilichofunguliwa hudumu kama wiki nne mahali penye ubaridi, na kwenye chumba chenye paa la bati mwezi wa pili mahali hapo ni adimu. Asiye na friji aweke kichupa kwenye chungu kilichowekwa kivulini, chenye mchanga uliolowa maji pembeni. Nauliza pia anadunga wapi, maana anayechoma sehemu ileile kila siku huota uvimbe, na dawa inayoingia kwenye uvimbe hainyonywi sawasawa.

Halafu kuna ugonjwa wenyewe. Katika kisukari cha aina ya pili kongosho huzidi kuchoka mwaka hadi mwaka, hivyo kidonge kilichokutosha mwaka wa pili kinaweza kisikutoshe mwaka wa tisa. Dozi ikipitwa na wakati, wa kuibadilisha ni daktari. Wewe utajigombeza mpaka lini?

Kushinda njaa acha leo. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu husoma sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi. Njaa ya siku mbili haifichi lolote kwenye kipimo hicho, na kwa anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi inaweza kumwangusha chini.

Hicho unachokihisi kinajulikana. Mwaka 1995 William Polonsky na wenzake wa Kituo cha Joslin, Boston, walichapisha dodoso la maswali 20 la kupima jinsi mtu anavyolemewa na kisukari: hofu ya madhara, hatia kila anapokula, upweke, kuchoshwa na matibabu. Hata hivyo kliniki nyingi bado zinapima uzito na presha, zinaandika namba kwenye kadi, zinaita anayefuata. Aliyelemewa huruka dozi, huacha kupima, mwisho hukimbia kliniki yenyewe. Ukimtisha kwa habari za miguu iliyokatwa, unamfukuza kutoka mahali pekee ambapo mguu wake ungekaguliwa.

Rudi, mama. Ukifika sema hivi: "Nimechoka na sukari, naomba mnisaidie." Na wanao waache kukuchunga. Wapike chungu kimoja, wale wote unachokula wewe.

Mchungaji anasema mawazo haya ni imani haba. Shangazi anasema nimerogwa. Jirani ana dawa ya kumaliza sukari ndani ya siku 21. (Barua za Tanga, Morogoro na Mombasa, nazijibu pamoja.)

Sina ugomvi na sala. Nina ugomvi na anayekuambia utupe dawa. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, wanywe kikombe cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kilichosemwa kinaponya hata kisukari. Wapo walioacha dawa zao kwa ajili ya kikombe kile. Kisukari hakikwenda popote. Mwenye aina ya kwanza akiacha insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwenye aina ya pili huharibika macho na figo kimyakimya.

Hasara nyingine haisemwi. Aliyeahidiwa kupona, kisha hakupona, huambiwa kwamba hakuamini vya kutosha. Anabeba sukari na aibu pamoja, anaficha vidonda, na anatufikia kidole kimeshakuwa cheusi. Wauza dawa za siku 21 hawapo siku hiyo. Shangazi mweleze kwa adabu kwamba utaendelea na dawa.

Je, ni mawazo yaliyoniletea kisukari?

Hapana, peke yake hayatoshi. Acha kumtafuta wa kumlaumu.

Kujichoma kidole kupima sukari kunabatilisha funga? Nikifungua kwa sababu ya sukari najiona mwenye dhambi.

Wanazuoni wengi wanasema hakubatilishi. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, fungua palepale. Mgonjwa ameruhusiwa, usijiongezee hukumu.

Baba anakataa insulini. Anasema sindano ni hatua ya mwisho kabla ya kaburi, na tangu atajiwe hasemi na mtu.

Baba amewaona watu waliocheleweshewa insulini mpaka figo zimekwisha, wakadungwa, wakafa. Kilichowaua ni kuchelewa. Mgonjwa wa kwanza kudungwa insulini, Leonard Thompson wa Toronto, alikuwa kijana wa miaka 14 aliyebaki mifupa mitupu mwezi Januari 1922. Aliishi miaka mingine 13. Usibishane naye. Omba kliniki imwonyeshe sindano yenyewe jinsi ilivyo fupi, na imkutanishe na mzee mwenzake anayejidunga na bado analima. Na mumwulize kinachomtisha hasa. Wengine huogopa kuanguka usiku sukari ikishuka, na hofu hiyo ina majibu: kupima kabla ya kulala, kupunguziwa dozi, na kuweka karibu na kitanda vijiko vitatu au vinne vya sukari vya kukoroga kwenye maji. Anakunywa, anasubiri dakika 15, anapima tena.

Nguvu za kiume zimepungua. Mke wangu anadhani nina mwanamke nje. Nimenunua unga stendi. (Barua kadhaa, zote bila jina.)

Tupa unga huo. Hakuna anayejua umechanganywa nini. Sukari ya muda mrefu huumiza neva na mishipa midogo ya damu, baadhi ya dawa za presha huchangia, na huzuni huzidisha. Tatizo hili lina tiba, lakini daktari lazima kwanza aupime moyo wako, kwa sababu mishipa inayoziba huko chini inaweza kuwa inaziba na kifuani. Nenda na mke wako. Ndoa zinavunjika kwa jambo ambalo dakika tano za maelezo zingelituliza.

Kuna kipimo cha damu cha msongo wa mawazo?

Hakuna. Kuna kuulizwa na kusikilizwa.

Dokta, nimechoka kuishi. Kila usiku naiangalia insulini nawaza nidunge yote.

Barua yako nimeijibu siku ileile iliponifikia, na hapa narudia kwa ruhusa yako, kwa ajili ya wengine walio hivyo na hawajaandika.

Hili limepita uchovu wa kisukari. Anayelemewa na sukari hukasirikia vidonge na kliniki, lakini bado hufurahi mjukuu akija. Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, huifunika siku nzima. Wenye kisukari huipata takriban mara mbili kuliko wasio nacho, na inatibika kwa mazungumzo na kwa dawa. Jiulize: kwa wiki mbili zilizopita, je, siku nyingi umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Je, siku nyingi umejiona mnyonge, huna tumaini? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, mweleze daktari bila kungoja tarehe ya kliniki.

Anayewaza kujidhuru aende usiku huu huu. Mwamshe mtu ndani ya nyumba, mwambie kwa maneno haya haya uliyoniandikia. Insulini ashike yeye, akupe dozi moja kwa wakati wake. Kuacha kabisa nako kunaua. Mwende pamoja idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, na mseme mambo yote mawili: ana kisukari, na anawaza kufa. Nanyi wa nyumbani, akiwa ameshajidunga, msipoteze muda kumhoji. Kama anameza mpeni sukari, kama hajitambui msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali, na sindano aliyotumia mwende nayo.