Moyo Umechoka, Wewe Bado: Vidokezo 7 vya Kuishi na Dawa za Kila Siku

Umeambiwa moyo wako umepungua nguvu za kusukuma damu, ukakabidhiwa dawa nne au tano, ukapanda matatu kurudi Samburu ya Kwale na mfuko mkononi. Pole sana! Hauko peke yako. Wengine wamefikishwa hapa na presha ya miaka mingi, wengine na homa ya utotoni iliyoharibu valvu za moyo, na kina mama wengine yamewapata baada ya kujifungua. Na wengi wao wanalima, wanauza, wanacheza na wajukuu. Wewe pia unaweza. Anza na kidokezo kimoja leo.

1. Vidonge vifuate chai

Kuna siku unaamka usinywe chai? Basi funga dawa na chai ya asubuhi. Nunua kikasha chenye vyumba saba, au uombe duka la dawa vibahasha saba na uandike siku juu yake: Jumatatu, Jumanne, mpaka wiki iishe. Jumapili jioni mjukuu anayejua kusoma akusaidie kuvipanga. Viweke juu, mbali na moto na watoto. Ukisahau siku moja, usimeze mara mbili kufidia.

2. Dawa ya maji ina saa yake

Furosemide, ile wengi wanayoiita Lasix, hutoa maji mwilini kupitia mkojo. Ukiimeza jioni, utakesha njia ya choo hadi alfajiri! Kwa kawaida humezwa asubuhi. Na siku ya safari, ukijua utakwama nyuma ya malori Mariakani au kwenye foleni ya feri Likoni? Muulize daktari mapema kama unaweza kuisogeza hadi ufike. Kuiruka kabisa, hapana.

3. Jipime kabla ya uji

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, maana hukuonya kabla hujazidiwa. Ukiamka, nenda choo, kisha panda mizani kabla hujala, na nguo zile zile, hata kama ni kanga moja tu. Andika namba kwenye kalenda ya ukutani. Ikipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, hiyo si sima ya jana. Ni maji yanajikusanya. Piga simu kliniki siku hiyo hiyo. Huna mizani? Mwulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Mwaka 2023 serikali ilianza kuwagawia mikoba yenye vifaa, mizani na mashine ya presha vikiwemo. Nyumba tatu pia zinaweza kuchanga na kununua mizani moja.

Siku usizojipima, angalia mwili. Bonyeza mguu kwa kidole gumba juu ya kifundo: shimo linabaki? Champali za jana zinabana leo? Ulikuwa unalalia mto mmoja, sasa unataka mitatu ndipo upumue? Mwambie daktari.

4. Chumvi imejificha wapi?

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu chakula chote. Tatizo si mkono wa mpishi peke yake. Ni ng'onda, ni papa mkavu, ni vile vidonge vya kuungia mchuzi, ni achari, ni krisps za muhogo za barabarani. Ukipata samaki mbichi wa Msambweni au Gazi, mshukuru Mungu umchague huyo. Kisha umwage ladha: ndimu, ukwaju, kitunguu saumu, tangawizi, bizari. Nyumbani watalalamika mwanzoni, lakini ulimi huzoea baada ya wiki chache, na presha ya nyumba nzima itafaidika.

5. Dafu nalo lina maswali

Ndiyo, dafu letu! Lina potasiamu nyingi, na dawa kama spironolactone, enalapril na losartan huifanya ibaki mwilini. Ikizidi, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Muulize daktari unaruhusiwa kiasi gani. Ile chumvi mbadala ya madukani nayo mara nyingi ni potasiamu, kwa hiyo iache mpaka uulize.

6. Goti likiuma, sema kwanza

Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac, za kumeza au sindano, hufanya maji yabaki mwilini na zinaweza kuumiza figo. Piga picha dawa zako zote kwa simu, na kila ufikapo duka la dawa Ukunda au Taru anza hivi: "Nina ugonjwa wa moyo, natumia hizi." Fanya vivyo hivyo kwa mganga wa miti shamba, na daktari naye ajue unachokunywa huko.

7. Umepata nafuu? Endelea kumeza

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Uvimbe wa miguu umepungua, pumzi imerudi, dawa zinawekwa kando. Nafuu hiyo imeletwa na dawa! Kikohozi kikavu cha enalapril kikikusumbua, usijiachishe. Daktari ana dawa nyingine ya kukubadilishia. Ukitaka kufunga Ramadhani, nenda umwone tangu Shaabani mpange saa za dawa, au akushauri usifunge. Na vidonge vya siku kumi vikibaki, panga safari ya hospitali ya Kinango, Kwale au Msambweni, usingoje kopo tupu.

Jambo la mwisho, lifanye leo jioni. Andika namba za madereva wawili wa karibu karatasini, ubandike karibu na mlango. Pumzi ikikatika hata ukiwa umekaa, kifua kikibana au ukizimia, wa nyumbani wampigie mmoja wao hapo hapo, usiku au mchana, na mfuko wa dawa uende nawe.