KIINGEREZA: WAKATI ULIOPITA NA MANENO YANAYOUFUNGA



Katika toleo hili tunawaletea somo dogo la Kiingereza. Mtihani wa Serikali unatungoja sisi wa mwaka wa sita, na wadogo wetu nao wako na mitihani yao. Ukitazama kaye zilizosahihishwa, utaona kwamba pointi nyingi hazipotei sababu ya kukosa maneno. Mwanafunzi anajua "yesterday", anajua "when", anajua "saw". Pointi zinapotea pale anapotaka kuyafunga maneno hayo pamoja katika sentensi moja.

Sababu yake iko wazi. Tunasoma masomo yetu kwa Kifaransa, basi tukitafuta Kiingereza tunapita kwanza katika Kifaransa. Lakini kwa mambo ya wakati uliopita, mara nyingi Kiswahili chetu kiko karibu na Kiingereza kuliko Kifaransa. Hilo njo tunalotaka kuonyesha leo.

1. KIELEZI CHA WAKATI KINACHAGUA KITENZI

Kifaransa kinasema "Je l'ai vu hier", na tena "Je l'ai déjà vu". Kitenzi ni kile kile. Anayefuata njia hiyo ataandika "I have seen him yesterday", na kalamu nyekundu itapita. Sasa tuulize Kiswahili: "Nilimwona jana", lakini "Nimekwisha kumwona". Kuna -li- na kuna -me-. Maneno ya sokoni yanazichanganya, lakini Kiswahili cha Biblia kinazitenganisha. Kiingereza kinafanya vile vile: "I saw him yesterday", lakini "I have already seen him".

Basi tushike hivi. Kielezi kinachotaja wakati uliokwisha kufungwa, kama "yesterday", "last week", "in 1960", kinataka -li-, yaani kitenzi cha wakati uliopita peke yake. Neno linaloleta jambo mpaka leo, kama "since", linataka -me-, yaani "have" au "has". Tazameni historia ya nchi yetu:

The country was called Zaire from 1971 until 1997.
It has been called Congo again since 1997.

Jina la kwanza limekwisha, mlango umefungwa. Jina la pili lingaliko.

Tena angalieni "ago". Kifaransa kinatanguliza: "il y a trois jours". Kiingereza kinaweka nyuma: "three days ago", sawasawa na "siku tatu zilizopita".

2. WAKATI ULIOPITA UNABEBWA MARA MOJA TU

Kosa hili liko katika kila kalasi: "He did not went." Je, nani anasema "hakulienda"? Hakuna. Tunasema "hakuenda", sababu ile -ku- imekwisha kubeba wakati uliopita. "Did" inafanya kazi ile ile. Ikiwa "did" imebeba mzigo, kitenzi kinatembea mikono mitupu: "He did not go." Ni vile vile kwa kuuliza: "Did he go?"

3. KIUNGANISHI KINAPANGA MAMBO

"When" ni kama -po- yetu: "alipokuja", "when he came". Lakini "when" peke yake haitoshi kutuambia jambo gani lilitangulia. Kitenzi cha pili njo kinasema. Tuseme mlinzi anashuhudia mbele ya baraza ya nidhamu juu ya maembe ya shule:

a) When I came, the boys ate the mangoes.
Nilipokuja, wavulana walikula maembe. Alikuja kwanza, nyuma yake wakala. Labda yeye mwenyewe aliwapa ruhusa!

b) When I came, the boys were eating the mangoes.
Nilipokuja, walikuwa wanakula. Amewakuta na embe mkononi.

c) When I came, the boys had eaten the mangoes.
Nilipokuja, walikuwa wamekwisha kula. Amekuta maganda na kokwa tu. Basi atataja majina ya nani?

Maneno ni karibu yale yale, lakini kwa sentensi moja mtu anaadhibiwa, na kwa nyingine hakuna ushuhuda. Kwa hiyo msiseme kwamba haya ni mambo madogo ya sarufi. Mwenye kuandika vibaya anaweza kusema uongo bila kutaka.

Kumbukeni pia "while". Inapenda jambo lililokuwa likiendelea: "While we were praying, the rain began." Tulipokuwa tukiomba, mvua ilianza.

4. PAHALI PA KIELEZI

Kifaransa kinasema "Il parlait bien l'anglais", na wengi wanaandika "He spoke well English". Kiswahili kinasema "Alisema Kiingereza vizuri". Fuateni hicho: "He spoke English well." Kiingereza hakipendi kielezi cha namna hii kiingie kati ya kitenzi na kitu kinachotendewa.

Lakini "always", "often" na "never" zinasimama mbele ya kitenzi: "We always prayed before meals." Zikikuta "was" au "were", zinakaa nyuma yake: "He was always late." Hapa hakuna msaada wa lugha nyingine. Ni kushika kwa kichwa.

5. PAHALI KISWAHILI KINATUDANGANYA

Rafiki mwema naye anaweza kukupoteza njia. Kiswahili kinakubali viunganishi viwili: "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja." Kiingereza kinakataa. Chagua kimoja: "Although he was sick, he came", au "He was sick, but he came". Ni vile vile kwa "because" na "so". Andika "Because it rained, we stayed inside", au "It rained, so we stayed inside". Ukiviweka vyote viwili, umefunga kamba mbili kwa mzigo mmoja.

Pili, tunasema "Hakusema uongo hata siku moja". Kukana kuko ndani ya kitenzi. Kifaransa nacho kinatia "ne" pamoja na "jamais". Lakini "never" inakana peke yake: "He never told a lie." Usiongeze "did not".

ZOEZI

Tumechagua kijana Eutiko, aliyelala usingizi wakati Paulo alipokuwa akihubiri kule Troa (Matendo 20). Wale wanaosinzia katika etidi ya jioni watamjua vizuri! Jazeni kila pahali patupu. Kitenzi cha kutumia tumekiandika mwishoni mwa sentensi.

1. Paul ..... until midnight. — speak
2. While he ....., a young man fell asleep. — speak
3. The young man ..... in a window, so he fell down. — sit
4. When Paul came down, the people ..... already ..... him. — lift
5. They were afraid, ..... Paul said that he was alive. — hapa tafuta kiunganishi
6. Paul ..... to bed, he talked until morning. — not go

Mbele ya kujibu, sema kila sentensi kwa Kiswahili, sikiliza kama ni -li-, -me-, "alikuwa aki-" au "alikuwa ame-", kisha andika. Mwenye kumaliza atuletee kaye yake saa ya mapumziko, tusahihishe pamoja. Tunaomba na wazee walimu waongeze pale tulipopunguza.

Mungu awabariki katika masomo yenu.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita